Mama Mkubwa wa Banalia: nani anasikia usiku mzee akiita?

Juma lililopita sikuonekana kwenye mkutano wetu, na wengine waliuliza nimekwenda wapi. Nilikuwa Banalia. Familia ilinituma nikamlete Mama Mkubwa, dada ya marehemu mama yangu, ili tumpeleke katika nyumba ya wazee hapa Kisangani. Nimerudi bila yeye. Wengi mna mzazi au nkoko kijijini, na swali langu labda ni swali lenu pia, kwa hiyo ninaeleza safari yote.

Mambo yalianza mwezi wa tano. Mama Mkubwa alitoka usiku kwenda choo, akateleza, akaanguka. Alilala pale kwenye matope mpaka alfajiri, mvua ikimnyeshea. Aliyemkuta ni jirani aliyekuwa anakwenda kuteka maji. Kwa neema ya Mungu mfupa haukuvunjika, lakini tangu siku ile anatembea na fimbo. Habari ilipotufikia tukafanya kikao cha familia. Yaya wetu mkubwa akasema: "Mzee hawezi tena kukaa kule na mtoto tu. Mjini kuna nyumba ya wazee, kuna watu wa kumwangalia." Sote tukakubali. Tulihesabu pesa, tukagawana michango, tukachagua tarehe. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza yeye mwenyewe.

Kabla ya safari nilikwenda kuitazama ile nyumba. Jina lake sitalitaja, maana mengi niliyoyaona pale yalikuwa mazuri. Uwanja ulifagiwa. Wazee walikaa chini ya mwembe, nguo zao safi. Jikoni mama mmoja alikuwa anatwanga lituma, na harufu ya pondu ilinifanya nisahau kwamba nilikuwa nimekula. Niliuliza juu ya magodoro, dawa na bei. Walinijibu vizuri.

Nilipokuwa ninaaga, niliona kufuli kubwa likining'inia kwenye mlango wa chumba cha kulala, upande wa nje. Nikauliza ni la nini. "Usiku tunafunga, mama. Kuna wezi, na kuna mzee mmoja anayetoka akapotea." Ufunguo unakaa kwa nani? Kwa mlinzi. Mlinzi analala wapi? Kule kwenye lango. Ndani wanalala wazee wangapi? Kumi na mmoja. Madirisha yalikuwa na vyuma. Umeme ukikatika wanawasha mshumaa.

Niliondoka nikiliwaza lile kufuli.

Barabara ya Banalia mnaijua. Unavuka daraja la mto Tshopo, pale kwenye maporomoko na mtambo wa umeme, kisha unashika njia ya Buta. Ni kama kilometa 130 kuelekea kaskazini. Kwenye ramani si mbali, lakini mvua ikinyesha, moto inatembea kama mtu mwenye jipu mguuni. Tulipishana na vijana wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa makala, magunia yamepita vichwa vyao, wote wakielekea mjini. Bengamisa tulisimama kunywa chai. Baadaye ni msitu kulia, msitu kushoto, na vijiji vyenye meza ndogo mbele ya nyumba: makemba, mafuta ya mawese, viwavi kwenye sahani.

Jua lilikuwa limeshuka tulipofika kwenye mto Aruwimi. Magari yanangoja baki, kile kivuko cha kuyavusha. Watu wa miguu wanapita kwa mtumbwi. Nilivuka nikiwa nimekumbatia mfuko wa sukari, sabuni na blanketi jipya, zawadi za mzee anayehamishwa.

Mama Mkubwa alinipokea akiwa amekaa mlangoni. Amekonda. Lakini sauti yake ni ile ile. "Karibu mwanangu. Umekuja kunizika ao kunisalimia?" Nikacheka kwa aibu. Anaishi na mjukuu wake, binti wa miaka kumi na miwili. Mtoto huyo anateka maji, anapika, anamwogesha nkoko wake, halafu anakwenda masomo akiwahi. Akichelewa, haendi.

Usiku ule nililala nao, na niliiangalia nyumba kama nilivyoiangalia ile ya mjini. Wamama, niliona haya. Tulikuwa tumekaa kikao kumwondoa mzee mahali pa hatari bila mtu yeyote kuja kutazama hatari yenyewe ni ipi. Choo kiko nyuma ya migomba, hatua kama thelathini, njia ni udongo mtupu. Mlango una kizingiti cha juu ambacho hata mimi nilijikwaa. Kibatari kinawaka juu ya kigoda, kando kabisa ya chandarua. Kingeanguka, moto ungeshika chandarua kabla mtu hajafungua macho. Dawa zake za presha ziko katika mfuko mmoja na za mtoto za minyoo. Tulikuwa tunatuma pesa kila mwezi, na hakuna aliyewahi kuuliza taa inawekwa wapi.

Katikati ya usiku nilimsikia anahangaika. Nikamsaidia kwenda choo na kurudi. Tulipokaa kitandani nikamwuliza jambo lililonisumbua tangu mwezi wa tano: "Mama, siku ile ulipoanguka, majirani wako karibu hivi. Kwa nini hukuita?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mwanangu, bibi kizee anayepiga kelele usiku, nje, peke yake, watu watasema anafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Kila mmoja wetu anajua watasema nini. Mtoto akifa mtaani wiki ile, au ndizi za mtu zikikauka, watakumbuka sauti ya usiku ule. Banalia imeona vifo vya ghafla. Mwezi wa tisa mwaka 2021 serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo hapa, na kufikia wakati huo zaidi ya watu 100 walikuwa wamekwisha kufa. Baadaye chanjo ililetwa. Lakini kabla watu hawajajua ni ugonjwa gani, watu wanatafuta wa kumlaumu, na mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ndiye anayetazamwa kwanza. Basi Mama Mkubwa alichagua kulala kwenye matope na kunyamaza.

Pale ndipo nilipoelewa kwamba ile nyumba ya mjini na hii ya Banalia zina kosa moja. Kule wamefunga mlango, mzee akiita mlinzi yuko mbali. Huku mlango uko wazi, lakini mzee anaogopa kuita. Kote kuwili, usiku hakuna anayesikia.

Mtu atasema kufuli ni jambo dogo. Sikieni yaliyotokea Uskoti, nchi tajiri yenye sheria nyingi. Kulikuwa na nyumba ya wazee iliyoitwa Rosepark, karibu na mji wa Glasgow. Alfajiri ya tarehe 31 Januari 2004 moto ulianza katika kabati la nyaya za umeme kwenye baraza ya ndani. Wazee 14 walikufa. Kengele ya moto ililia, lakini wafanyakazi wachache wa zamu walianza kutafuta moto uko wapi, na dakika zikapita kabla ya zima moto kuitwa. Milango ya vyumba vingi ilikuwa imeachwa wazi, moshi ukaingia mpaka kwenye vitanda. Wengi hawakuguswa na moto wenyewe. Waliuawa na moshi. Mchana nyumba ile ilikuwa na watu na chakula na usafi. Usiku haikuwa tayari.

Kwa hiyo mkienda kuitazama nyumba ya wazee, msiridhike na uwanja uliofagiwa saa nne ya asubuhi. Ulizeni habari za saa nane ya usiku.

Asubuhi niliteremka mtoni kufua. Maji ya Aruwimi ni meusi na mapana, mitumbwi inapita kimya. Mzee mmoja mvuvi alinionyesha upande maji yanakoteremkia, akasema kule ni Yambuya. Habari ya pale wengine mlifundishwa masomoni. Mwaka 1887 Mwingereza Stanley alipita akielekea mashariki, akaacha nyuma pale Yambuya kundi la wapagazi pamoja na mizigo. Wengi wao walikuwa Waswahili kutoka Zanzibar, na wengi walikuwa dhaifu. Waliambiwa wangoje. Walikuwa na uzio, bunduki na wakubwa wa kuwasimamia. Lakini walikula mihogo ambayo haikulowekwa inavyotakiwa, jambo ambalo mama yeyote wa Tshopo angewaonya kwa siku moja. Mkubwa wao, Barttelot, aliuawa kwa risasi hapa Banalia tarehe 19 Julai 1888. Stanley aliporudi mwezi uliofuata, zaidi ya watu mia moja wa kundi lile walikuwa wamekwisha kufa.

Nilikaa na nguo zangu nikiwaza: watu hawa waliwekwa mahali panapoitwa salama, na wakafa kwa sababu walioachiwa kazi ya kuwatunza hawakuangalia sahani yao. Mlinzi na ukuta havitoshi.

Zanzibar walikotoka wengi wa wapagazi wale, leo kuna mfano mwingine. Kule serikali ina nyumba za wazee, kama Sebleni na Welezo kule Unguja na Limbani kule Pemba. Lakini mwezi wa nne mwaka 2016 walianza pia kitu kingine: kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alianza kupewa pensheni, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, hata kama hakuwahi kufanya kazi ya serikali. Si pesa nyingi. Lakini mzee anaipokea kwa jina lake. Mzee mwenye kitu mkononi anaweza kununua sabuni bila kuomba, na anaweza kuchagua akae wapi.

Kuchagua ndilo neno lililonirudisha kwa Mama Mkubwa. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee mjini Addis Abeba mwezi wa kwanza mwaka 2016. Kifungu cha 11 kinasema juu ya nyumba za wazee. Kinataka mambo mawili makubwa: kuishi humo kuwe kwa hiari na kwa bei ambayo watu wanaiweza, na matunzo yafikie kiwango cha chini kilichowekwa na nchi. Kwetu Kongo, Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mzee haki ya ulinzi maalumu unaolingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Na Sheria ya Familia inawadai watoto kuwatunza wazazi walio na shida. Basi kumpeleka mzee katika nyumba ya wazee si dhambi, na kumweka nyumbani si utakatifu. Kosa ni kumhamisha kama gunia bila kumwuliza, au kumwacha mahali bila kutazama anaishije.

Jioni ile nilimwuliza. Nilimweleza ile nyumba jinsi ilivyo, uzuri wake na kufuli lake. Alisikiliza mpaka mwisho. "Chakula chao nimekipenda," akasema. "Lakini kule nani ananijua? Hapa nikipita, watu wanajua mimi ni binti wa nani. Siku nikishindwa kusimama kabisa, nitakuja. Leo bado." Kisha akamtazama mjukuu wake aliyekuwa anasinzia juu ya daftari. "Ila mtoto huyu mnisaidie. Huyu si mfanyakazi wangu."

Tulifanya kazi siku mbili. Kijana wa jirani alikata mianzi, akafunga kishikio kutoka mlangoni mpaka chooni. Njia tuliimwagia mchanga na kokoto za mtoni. Kizingiti tulikipunguza kwa panga. Fundi alitengeneza kiti chenye tundu, chini yake ndoo yenye kifuniko, ili usiku asitoke kabisa. Kibatari tulikiondoa, tukanunua taa ya jua inayotundikwa. Dawa zake ziliingia kwenye kopo lake, na muuguzi wa kituo cha afya alichora jua kwenye ile ya asubuhi na mwezi kwenye ile ya usiku, kwa sababu Mama Mkubwa hasomi.

Yote haya hayakufika hata nusu ya nauli na michango ya kumhamisha.

Lakini jambo lililobaki ndilo lililokuwa gumu: sauti ya usiku. Nilikwenda kwa wamama wa likelemba yao, wale wanaochangiana kila juma. Niliwaeleza bila kuficha kwa nini dada yao alinyamaza siku ile. Wengine walitazama chini. Mmoja akasema, "Hata mimi ningenyamaza." Tukakubaliana kitu kidogo. Kando ya kitanda chake tulitundika kopo la maziwa lenye vijiwe ndani, na kamba ndefu inayopita dirishani mpaka kwenye ukuta wa jirani. Akivuta, linalia pande zote mbili. Halafu wamama wenyewe walikwenda kwa mkubwa wa mtaa wakamwambia mbele ya watu: mkisikia kopo hili usiku, ni mama yenu anaomba msaada, si kitu kingine. Wakagawana zamu pia: asubuhi mmoja anamwogesha, mtoto anakwenda masomo.

Mama Mkubwa alilitazama kopo. "Mbuzi ana kengele, sasa na mimi," akasema. Usiku ule alilivuta mara mbili. Mara ya kwanza jirani alikuja mbio na panga. Mara ya pili alikuja pole pole, akiuliza kwa sauti ya kuchoka: "Mama, ni choo ao unajaribu?" Alikuwa anajaribu.

Sisemi shida imekwisha. Miguu yake haitarudi kuwa ya kijana. Siku itafika atakapohitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na zamu za majirani hazitatosha. Siku hiyo, kama atakubali, tutamvusha mto. Ndiyo maana niliporudi Kisangani sikuisahau ile nyumba ya mjini. Tulikwenda wamama wanne, tukaomba kuonana na msimamizi. Tulianza kwa kushukuru, maana wanafanya kazi ngumu kwa pesa kidogo. Kisha tukamwomba atuonyeshe jinsi wazee kumi na mmoja wanavyotoka chumbani usiku moto ukiwaka. Alichukua saa yake, akamwita mlinzi. Kutoka langoni, kutafuta ufunguo, kufungua: zilikuwa karibu dakika nne, mchana kweupe, hakuna moshi, hakuna mtu anayelia.

Msimamizi hakubishana. Juma hili kufuli limetolewa. Mlango una komeo la ndani ambalo mzee anaweza kulivuta, na mfanyakazi mmoja analala kwenye chumba kinachopakana. Kwa yule mzee anayepotea, wamefunga kengele mlangoni.

Kabla sijamaliza, haya ndiyo maswali niliyobaki nayo. Yanafaa kwa nyumba yoyote anapolala mzee, iwe ya masista, ya serikali au ya kwako:

Je, mzee mwenyewe ameulizwa, na amejibu nini? Usiku akiita, nani anasikia, na anafika baada ya muda gani? Moto ukiwaka, mlango unafunguliwa na nani, kwa ufunguo ulio wapi? Njia ya choo ina mwanga na kitu cha kushika? Anakula nini, na nani ameiangalia sahani yake leo? Dawa zake ziko peke yake? Asiyeweza kujigeuza anageuzwa? Ndugu wanaweza kumtembelea saa yoyote, hata bila kutoa taarifa? Akiwa na malalamiko, anaweza kumwambia nani bila kuogopa? Na yule anayemtunza, je, si mtoto aliyepaswa kuwa darasani?

Jumamosi nilimpigia Mama Mkubwa simu kwa kupitia jirani. Niliuliza kopo linafanyaje. Akasema lililia Alhamisi, wamama watatu wakaja kwa mpigo, na mmoja wao alileta uji. "Sikuwa na ugonjwa," akasema. "Nilikuwa na njaa kidogo." Kisha akauliza blanketi lingine litafika lini, maana lile la kwanza amempa mjukuu.